Ile Kanda ya Pili ya Dindira

Siku mliyoniaga, Rehema aliniomba nirudie hotuba yangu. Nilikuwa nimeshamaliza, nimeshakaa, soda ipo mkononi, naye akaja ameinama kwa adabu, hedifoni shingoni, akaninong'oneza kwamba mwanzoni sauti haikuingia, kwa hiyo Mama Sauti naomba urudie kidogo tu. Nikamwambia sirudii. Akadhani ni utani, akacheka. Nilipomwambia tena kicheko kikamwisha, na nikawaona wengine mnatazamana. Nawajua nyinyi. Gari liliponiondoa pale mlisema bibi kastaafu na ukali wake. Sawa, ukali ninao, sikatai. Lakini siku ile sikukataa kwa ukali, na kwa kuwa sasa nina muda wa kutosha na kuku wanane tu wa kuwasimamia, nimekaa hapa kwangu Misima kuwaandikia sababu.

Vyeo vyangu mlivisoma wenyewe kwenye ile karatasi, tena kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi. Hamkugusa habari za sweta, wala za hindi lililofungwa kwa katani, wala za kanda ya Dindira. Siwalaumu, hamkuwepo. Rehema peke yake ndiye aliyewahi kuiona hiyo kanda, na hata yeye hakujua anaona nini.

Nilifika ofisini Korogwe nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, najua kupiga chapa na kufukuza mbuzi shambani, basi. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya fundi baiskeli. Mkuu wetu alikuwa Mzee Singano, Mzigua mwenzangu, ambaye alishika kamera mwenyewe, akaongoza filamu mwenyewe, na gari likikwama akasukuma mwenyewe. Kazi ilikuwa kama hii mnayoifanya leo: filamu fupi za dakika kumi au kumi na tano kuhusu watu wa huku kwetu. Mama aliyesimama tena baada ya msiba. Wazee wanaowafundisha vijana ngoma isipotee. Kijiji kilichojichimbia mfereji baada ya kuchoka kusubiri. Nilidhani nimeajiriwa kupiga chapa barua. Asubuhi ya kwanza Mzee Singano akanivisha hedifoni, akanikabidhi maiki, akanipeleka sokoni na kuniambia nikasikilize.

Nikakaa saa nzima kwenye gunia la mtu. Aliporudi akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia watu. Akageuka akaondoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu, kwa hasira tu, nilimwambia kwamba yule mama wa dagaa ana kikohozi anachokificha, kwamba anashusha sauti akimtajia bei mtu anayemjua, na kwamba fundi cherehani wa pili kutoka mwisho anaimba kila uzi ukikatika. Mzee Singano akavua kofia yake, akajipepea, akasema sasa naweza kwenda naye kazini. Huo ndio usaili wangu. Nyinyi mliulizwa maswali na watu watano mezani, na bado wengine hamsikii kitu.

Maiki yetu ilikuwa moja, ndefu, inakula betri ndogo ambayo huisha bila kuaga. Kwa ajili ya upepo niliishonea kofia kutoka kwenye mkono wa sweta la mwanangu, lenye manyoya ya kijivu. Watoto wa vijiji vya Handeni waliiita paka. Tulikuwa tukifika mahali wanapiga kelele paka amekuja, na Mzee Singano alikuwa anasubiri waishiwe na hamu ndipo anawasha kamera. Wakati mwingine tulisubiri nusu siku. Siku hizi mnafika, mnarusha droni, watoto wanaikimbilia hadi bondeni, halafu mnashangaa kwa nini mzee mnayemhoji anatazama angani.

Neno letu la kazi siku zile lilikuwa moja: rudia. Mama, rudia kutoka mlangoni. Mzee, rudia kucheka. Hapahapa Misima kuna baba mmoja tulimtaka arudie kuvuna hindi, na hindi alikuwa ameshalivunja, kwa hiyo tukalifunga tena kwenye bua kwa uzi wa katani akalivune upya. Alilivuna mara tano. Mara ya tano alikuwa analivuna vizuri kuliko hata tulivyotaka, na ukiitazama ile filamu leo utaona uzi. Hakuna aliyetulalamikia. Watu wa huku mgeni wanamheshimu, na mgeni mwenye kamera wanamheshimu kupita kiasi, na sisi tulikula heshima hiyo kama ugali. Mimi ndiye niliyeisema sana rudia kuliko wote, maana sauti ndiyo huharibika kwanza.

Ndivyo tulivyofika Dindira.

Tulikwenda kwa ajili ya Bi Hawa. Alikuwa mjane wa makamo, mchuma chai, na masika ya mwaka uliotangulia mlima ulikuwa umeporomoka na kuondoka na nyumba yake, migomba yake na kaburi la mumewe. Hakuhama. Alichonga ngazi upya kwenye ule udongo mwekundu, akapanda nyasi za kushika kingo, akajenga vyumba viwili kwa mikono yake na ya binti yake Saumu, palepale watu walipomwambia hapajengeki tena. Tulikaa naye karibu mwezi. Alikuwa mrefu, mkimya, ana dharau kidogo na wazembe, nikampenda. Na kwa kuwa tulikaa naye sana, tulimfundisha kazi yetu. Alishajua kurudia. Nikisema tu "Mama," anashusha jembe, anarudi hatua tatu, anaanza tena.

Sasa, Saumu alikuwa anaolewa. Arusi ilipangwa Jumamosi, na katika ukoo wao binti hatoki nyumbani kwa mama yake bila mama mdogo kumwekea mkono kichwani. Mama mdogo alikuwepo, mmoja tu, Bi Halima, mdogo wake Bi Hawa wa tumbo moja, ameolewa huko chini Magoma. Lakini dada hawa walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na miwili. Mama yao alipokuwa anakata roho alimwita Halima siku mbili mfululizo, na Halima hakutokea. Alifika mazishini. Bi Hawa akamwuliza mbele ya waombolezaji amekuja kumwona nani. Halima naye alikuwa na yake ya kueleza, mtoto mgonjwa na mto uliojaa, lakini hakuulizwa, na asiyeulizwa na dada yake mkubwa hajielezi. Akageuka akaenda zake.

Mkono wenye kinyongo hauwekwi kichwani kwa bibi arusi. Kwa hiyo Jumanne ya wiki ileile, baba yao mdogo akawakutanisha nyumbani kwa Bi Hawa. Wengine mmezaliwa mjini, nieleze kidogo. Kwa Washambaa, na kwetu Wazigua pia kwa namna yetu, mtu mwenye kinyongo na ndugu yake anaketi naye mbele ya mkubwa wa ukoo, anayasema yote aliyoyaweka moyoni bila kuficha hata moja, kisha anachukua maji mdomoni na kuyapuliza chini. Maji yakishatoka, jambo limetoka. Halitajwi tena maisha, si kwa hasira, si kwa utani. Ukilitaja tena, umesema mwenyewe kwamba siku ile ulidanganya na kwamba bado unalo. Mimi nililijua hilo. Nimeona bibi yangu akiyapuliza hayo maji nikiwa mtoto. Sina pa kujifichia.

Bi Hawa mwenyewe ndiye aliyetuambia tupige picha. Alisema filamu yake haitakuwa na mwisho mwingine.

Walikaa kwenye mikeka miwili, nje, upande wa jua la asubuhi. Bi Halima alikuwa mfupi, mnene kidogo, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, mtandio umefunika uso. Bi Hawa alishika bakuli la maji akasema. Sitawaandikia aliyoyasema. Alisema polepole, la kwanza hadi la mwisho, na mimi niliyekuwa nimefundishwa kusikiliza nikafanya kosa ambalo sijawahi kulisamehe: nilivua hedifoni. Niliona aibu kumsikia kupitia waya. Nilitaka kumsikia kwa masikio yangu kama mtu. Nikasikia yote, nikalia, na wakati ninalia betri ya maiki ikafa bila kuaga.

Maji yakapulizwa. Baba mdogo akaitikia. Bi Halima, bado ameinama, alikuwa anatetemeka mabega, Saumu akampeleka nyuma ya nyumba kunawa uso. Mimi nikavaa hedifoni ili nisikilize tulichopata. Hakukuwa na kitu. Picha ipo, sauti hakuna, kavu kabisa.

Nikamwangalia Mzee Singano, nikamtikisia kichwa. Naye alikuwa amechoka, na mwezi mzima wa kazi ulikuwa umeishia pale kwenye mkeka. Nikabadilisha betri. Nikachomeka waya. Naye akaweka kanda mpya, akawasha kamera ili nijaribu sauti, akaniitikia kwa kichwa kwamba muulize. Siku zote alijilaumu kwa kile kichwa, lakini mdomo ulikuwa wangu.

"Mama," nikasema, "samahani sana, sauti haikuingia, kosa ni langu. Naomba urudie."

Bi Hawa alinitazama. "Yote?"

"Yote, Mama. Kama ulivyosema mwanzo."

Akashika bakuli. Mtu aliyekwisha kupandishwa ngazi zake mwenyewe mara tatu tatu kwa mwezi mzima, kwa ajili yetu, angekataaje? Baba mdogo alikuwa ameingia ndani kutafuta ugoro. Bi Halima akarudi na uso uliooshwa, hana mtandio usoni tena, ameanza hata kutabasamu, akamwona dada yake ameketi vilevile na bakuli vilevile, naye akaketi. Nadhani alifikiri anabarikiwa. Kamera ilikuwa inazunguka. Bi Hawa akaanza: "Halima, mama alikuita siku mbili."

Nilikuwa namtazama Halima. Sijaona uso ukifungwa vile. Hakupiga kelele. Alisikiliza sentensi tatu nne, akasimama, akakung'uta kanga, akasema, "Kumbe bado unalo," akashika njia ya kushukia barabarani. Saumu alimkimbilia, akamshika mkono, akamweleza habari za kamera. Halima alimjibu kwamba maneno ameyasikia kwa masikio yake, na kamera haikuwa na mdomo.

Bi Hawa alibaki na bakuli. Mimi ndiye niliyekuwa na hedifoni, kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyemsikia akiita jina, kwa sauti ndogo sana, jina nisilolijua, na kusema maneno machache. Nilidhani anamwita mtoto wa jirani. Kisha aliweka bakuli chini bila kumwaga hata tone, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umenisemesha nini?"

Nikainama, nikaanza kukunja waya. 

Jioni ile hakuna aliyekula. Saumu alikuwa amekaa na zile nguo zake za arusi mapajani, na wakubwa walishaanza kusema Jumamosi isogezwe, na kila mtu anajua arusi iliyosogezwa kwa sababu kama hiyo huwa inasogea moja kwa moja. Mzee Singano akanikabidhi kamera na kanda zote mbili. Akaniambia sauti ni kazi yangu, kwa hiyo niende nikaitafute ilikokwenda. Ndivyo alivyokuwa akinikaripia, haongezi wala hapunguzi.

Nilifika Magoma kesho yake mchana. Nilimkuta Bi Halima uani kwake na lundo la mahindi. Nikampa shikamoo akaitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akanisogezea kigoda na ungo. Tukapukuchua mahindi. Nilifungua mdomo mara ya kwanza, akaniambia hili lundo kwanza. Vidole vyangu vilikuwa vya mtu wa ofisini, vikachubuka. Hakunionea huruma, na alifanya sawa. Lundo lilipokwisha akanawa, akanipa uji, akasema haya, sema.

Sikusema. Niliogopa mdomo wangu. Nilifungua kile kioo kidogo cha pembeni mwa kamera, nikaweka kanda ya kwanza, nikamsogezea. Mlishazoea simu, hamwezi kujua ilivyokuwa kumwonyesha mtu sura ya dada yake kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti. Sauti hakuna. Bi Hawa anasema na hasikiki. Lakini Halima alikuwa ameinama siku ile, hakumwona. Sasa akamwona. Aliona uso wa dada yake wakati anasema, na aliona kwamba maji yalipotoka, mkono wa Bi Hawa ulinyanyuka kwenda begani kwake, ukafika karibu kabisa, ukasita, ukarudi. Kwa kuwa ameinama hakuujua ule mkono. Akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akautazama tena.

Ndipo nikaweka kanda ya pili. Ilianza na sauti yangu: samahani sana, sauti haikuingia, kosa ni langu, naomba urudie. Halafu sauti ya Bi Hawa: Yote? Halafu yangu tena, sauti ya mtu anayejiamini, ninayetamani hadi leo ningeiziba: Yote, Mama. Kisha Bi Hawa anavuta pumzi.

"Zima," akasema Bi Halima.

Nikamwambia mbele kidogo, mwisho kabisa, kuna maneno mengine.

"Nimesema zima. Yale yalishapulizwa. Sitayasikia mara ya tatu."

Nikazima. Nikafunga kioo cha kamera. Kuku wakaja wakala punje tulizozimwaga. Kisha akanyoosha mkono, nikatoa kanda ya pili kwenye kamera, nikampa. Hakuniomba kwa mdomo na mimi sikuuliza ofisi. Akaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayefunga dawa. Akasema atapanda Dindira Ijumaa, lakini akiniona na kamera anageuza. Nikamwambia hatutaiwasha.

Hatukuiwasha. Arusi ya Saumu ndiyo arusi nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria, na hakuna picha yake hata moja kutoka kwetu. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, Mzee Singano alibebeshwa maturubai. Nilitoka mlangoni na kisu mkononi kuona Bi Halima anaweka mkono kichwani kwa Saumu, na Bi Hawa amesimama nyuma yao. Baada ya siku ile dada wale walitembeleana kila msimu. Walisemeshana vizuri, kwa heshima, kama watu waliopatana. Kilichosemwa hakikutajwa tena.

Filamu tuliimaliza kwa kanda ya kwanza, bila sauti. Dakika mbili za Bi Hawa anasema na husikii kitu, kisha maji, kisha ule mkono. Tuliionyesha Dindira kwanza, kama kawaida, na wenyewe wakaridhika. Baadaye mgeni mmoja wa mjini alitusifu kwa ujasiri wa kisanii. Mzee Singano alimshukuru kwa uso mkavu kabisa.

Aliponiuliza kanda ya pili iko wapi nikamwambia nimempa mwenyewe. Hakugomba. Kesho yake asubuhi, kabla hatujapanda gari, alisema maneno ambayo mmenisikia nikiyasema hadi mkayachoka: kama kuna kurudia, irudie mashine, mtu asirudishwe. Kuanzia hapo tulijifunza kufanya kazi upya. Ndipo mlipopata zile desturi mnazoniona nazo msumbufu: betri mpya kabla ya kila mazungumzo hata kama ya zamani ina nguvu, maiki ya pili kwenye mtandio wa mtu, hedifoni zisivuliwe hata dunia ikipasuka. Tulipokwenda kwa wafugaji kule Handeni, mzee mmoja wa Kimaasai alimbariki mtoto kwa mate na maneno mara moja tu, na ng'ombe akalia juu ya maneno yote. Tukalichukua lile la ng'ombe. Liko kwenye filamu, na wenyewe walisema ng'ombe naye alibariki.

Mzee Singano alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Kanda zikaondoka zikaja kadi, kamera zikawa ndogo, nyinyi mkaja. Mkaniambia mara ngapi ile kamera ya zamani kwenye kabati itupwe, inakula nafasi? Nikawajibu vibaya. Kila baada ya miezi michache nilikuwa naitoa, naifuta vumbi, naizungusha kidogo isikaze. Mlidhani ni mapenzi ya mtu mzima na vitu vyake. Nilikuwa nasubiri, ingawa sikujua nasubiri nini.

Mwaka huu, miezi michache kabla ya kustaafu, Saumu alikuja ofisini, mama wa watoto wanne sasa, amemshika mkono mwanamke mfupi mwenye fimbo. Nikampa shikamoo. Bi Halima akaniitikia, akanitazama vidole, akaniuliza kama vilipona. Tukacheka. Kisha wakaniambia kwamba Bi Hawa ameshazikwa, arobaini imepita. Nililia, na yeye akanisubiri nimalize, kama nilivyomsubiri siku ile ya mahindi. Akafungua kanga. Ndani kulikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo ile kanda.

Akasema alikuwa na nia ya kuichoma tangu siku ile. Kila akiwasha moto anasema kesho. Sasa dada hayupo, na kwenye ile filamu yetu hana sauti, na kwenye simu za wajukuu kuna picha zake tupu. Nyumba nzima hakuna mahali Bi Hawa anasema. Ni hapa tu. "Nilisema sitayasikia mara ya tatu," akaniambia. "Sasa nayataka hata yakiwa yale yale."

Nilimweleza ukweli. Kanda imekaa miaka ishirini na ushee kwenye kopo, kamera ni nzee kuliko Rehema, inaweza kuitafuna mbele ya macho yetu na tusipate kitu. Akasema haya, itafune tukiwa tunaiangalia. Nikamwita Rehema aje aunganishe waya kwenye kompyuta, ili ikipita mara moja tu iwe imeshaingia. Rehema, ulikuja unatafuna karanga. Hukuambiwa kitu. Nilikuona unashangaa kwa nini naifuta kamera mara ya tatu kwa kazi ya kuhamisha kanda moja.

Ilizunguka. Ilikwaruza, picha ikakatika mistari, lakini sauti ilikuja safi, maana siku ile betri ilikuwa mpya. Nikajisikia mimi, kijana, najiamini, naomba irudiwe. Yote? Yote, Mama. Bi Halima safari hii hakusema zima. Alisikiliza sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mikono juu ya fimbo. Alijisikia mwenyewe akisema kumbe bado unalo. Alizisikia hatua zake zikishuka ngazi za udongo, na Saumu akimkimbilia. Halafu kimya, majogoo wa Dindira, na Bi Hawa, karibu kabisa na maiki, anaita lile jina nililodhani ni la mtoto wa jirani.

"Kifupi. Kifupi, ngoja. Hii siyo yangu, nimeombwa. Maji sijayachukua."

Kanda ikaishia hapo. Nikamgeukia Bi Halima nimuulize, nikakuta sihitaji. Saumu ndiye aliyeniambia baadaye, nje, baada ya kumwuliza mama yake mdogo, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia lile jina. Bi Hawa alikuwa akimwita mdogo wake hivyo walipokuwa watoto wanachunga mbuzi, na tangu msiba wa mama yao Bi Hawa hakumwita tena Kifupi hata siku moja, hata baada ya kupatana. Ilikuwa Halima, kwa heshima. Bi Halima alikuwa ameamini jina lile lilizikwa pamoja na mama yao. Kumbe liliitwa siku ile ya mikeka, yeye akiwa ameshafika chini ya ngazi, nami nililibeba masikioni miaka yote bila kujua ni la nani.

Rehema alinyoosha mkono kwenye kompyuta kuzima. Nikamwondoa kitini, nikakaa mimi.

"Rudia," akasema Bi Halima. "Pale anaponiita."

Nikarudia.